Mpaka Chini ya Mafiga

Kwa miaka thelathini na moja Wegesa alikuwa amepika juu ya mpaka wa nchi mbili bila kuungua. Alilijua jambo lile yeye na shemeji yake tu, nalo lilikuwa limelala kama mbwa mzee mlangoni: unamruka unapoingia, unamruka unapotoka, hata ukasahau kwamba unaruka.

Boma lake liko nje kidogo ya Isebania, pale maduka yanapokwisha na mashamba ya mahindi na tumbaku yanapoanza. Kuna nyumba ya mabati ya vyumba viwili, jiko la udongo kaskazini mwake, na kaburi la mumewe Zadock, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Kusini mwa nyumba kuna safu ya mkonge, na katika mkonge huo imesimama nguzo ya saruji inayofika gotini, yenye namba kichwani. Kaskazini ya nguzo ni Kenya, kusini yake ni Tanzania. Ndivyo kila mtu alivyojua. Ng'ambo ya mkonge anaishi Nicanor, mdogo wake Zadock, na mkewe Kemuma. Baba yao alikuwa na shamba moja, na mpaka ulilipita katikati kama kisu katika ugali. Mmoja wa wanawe akachukua kitambulisho cha huku, mwingine cha kule, na maisha yakaendelea.

Nicanor alikuwa mtu wa mzaha. Kila alipokuja kula kwa Wegesa alisimama mkongeni na kupaza sauti: "Mke wetu, naomba ruhusa ya kuingia Kenya!"

"Una homa?" Wegesa alimjibu, kama wauguzi wa kituo cha mpakani.

"Sina homa. Nina njaa."

"Basi rudi kwenu. Njaa tunayo ya kututosha."

Naye aliingia.

Mzaha huo ulikoma Jumanne moja asubuhi, wapima ardhi wa nchi zote mbili walipofika pamoja kuhakiki nguzo za mpaka. Kwa Kenya alikuja msichana mmoja mwembamba aitwaye Beverly, mzaliwa wa Homa Bay, mwenye kofia pana na mashine ya miguu mitatu. Kwa Tanzania alikuja mzee mtaratibu mwenye miwani, ambaye kitu cha kwanza alichofanya ni kumwinamia Wegesa na kusema, "Shikamoo, mama." Wegesa hakuamkiwa hivyo kila siku, akasita kidogo kabla ya kuitikia. Nyuma yao walikuwapo askari wanne wa huku na wanne wa kule, wakitaniana kuhusu mpira.

Waliweka mashine yao juu ya nguzo ya mkongeni. Wakapima, wakapima tena. Beverly akakunja uso. Yule mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Hii nguzo haipo mahali pake," akasema. "Kwa hesabu za nguzo ya mashariki na ya magharibi, ilipaswa kuwa kaskazini. Mita ishirini na mbili."

"Ama hesabu ya zamani ilikosewa," Beverly akasema.

"Au mtu ameisogeza, binti yangu. Na aliyeisogeza ameisogeza kuingia kwetu."

Alilisema kwa upole. Lakini Wegesa aliona askari wanane wakiacha kucheka, wote mara moja.

Kwa maana ilikuwa imesogezwa kweli.

Ilikuwa msimu wa kulima, mwaka wa pili wa ndoa yake. Zadock alishika plau, Nicanor, kijana wa miaka kumi na tisa, aliwaongoza ng'ombe, Wegesa alifuata nyuma akimwaga wimbi. Nguzo ile ilikuwa katikati ya shamba, na kila waliporudi na mtaro, plau ilipaswa kuizunguka. Mara ya tano dume la kushoto liliigonga, nira ikapinda, Zadock akalaani. Mkulima huliona jiwe katikati ya shamba kuwa jiwe katikati ya shamba. Walilifunga mnyororo, ng'ombe wakalivuta hadi mwisho wa mtaro, kwenye mkonge, ambako mawe yote ya shamba lile hutupwa. Kisha Zadock, kwa kuwa alikuwa Msabato mwenye kupenda vitu vikae wima, akalichimbia shimo na kulisimamisha vizuri. Hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyedhani amegusa nchi. Kwao mpaka ulikuwa mkonge, maana mkonge ndio uliowatenga ndugu na ndugu.

Nguzo ilipong'oka waliona kitu chini yake: chupa nene ya kijani iliyopinduliwa, imeshikwa na zege. Zadock alitaka kuitoa aifanye ya mafuta ya taa. Ikamshinda, akaifukia. Mwaka uliofuata, kwa kuwa mahali pale udongo ulikuwa umebonyea na mimea haikushika, wakapashindilia na kujenga jiko. Mafiga matatu ya Wegesa yalikuwa juu ya ile chupa.

*

Jumatano askari wa kule walikuwa wanane. Ilisemwa wamekuja kumlinda mpima ardhi wao. Alhamisi wa huku wakawa kumi na wawili na lori moja; ilisemwa hawawezi kukaa wachache. Ijumaa kule likaja gari lenye turubai na hema kubwa la kijani, na Jumamosi, Wegesa akitoka kanisani, alikuta askari wa huku wamechimba handaki katika shamba lake la mihogo na kupanga magunia ya mchanga.

Kisima cha karibu kiko upande wa Nicanor, kwa hiyo Wegesa alipita katikati yao mara mbili kwa siku na ndoo kichwani. Walimzoea. Askari mmoja wa huku, mtu mzima mwenye mvi aitwaye Willis, mzaliwa wa Karungu, alipenda kuongea naye kwa sababu alichoshwa na maharagwe na kutaka kusikia tu habari za samaki.

"Afande, mnataka vita?" Wegesa alimuuliza.

"Vita gani, mama? Sisi hatuna shida na hao watu. Lakini si umeona wameleta hema? Mtu akileta hema ana mpango. Ni lazima tujilinde."

"Na wakiongeza?"

"Tutaongeza. Hata kwetu ziwani ni hivyo hivyo. Boti yao moja, boti yetu mbili. Mwishowe mvuvi ndiye anaogopa kutupa wavu."

Hatua mia mbili mbele, askari wa kule alimsaidia kujitwisha ndoo, kijana mpole wa sauti ya chini.

"Pole na kazi, mama. Usituogope. Hatuna neno na Wakenya, ni ndugu zetu. Ila wamechimba handaki. Mtu hachimbi handaki bure, au siyo?"

Wegesa alirudi nyumbani maji yakimmwagikia shingoni. Alikuwa amesikia maneno yale yale kwa lafudhi mbili. Kila upande ulikuwa unaogopa, na kila ulipoogopa ulifanya jambo la kuuogofya wa pili, na yeye, mwanamke wa miaka hamsini na minne asiyemaliza darasa la saba, alikuwa na sentensi moja ya kuyakomesha yote. Hakuweza kuisema. Jumapili chifu aliita baraza na kutangaza kwamba kung'oa nguzo ya mpaka ni kosa dhidi ya usalama wa taifa, na aliyehusika, awe kijana, awe mzee, atalala jela. Alipolitamka neno lile "taifa" alimtazama kila mtu, na Wegesa alihisi macho yake yamemkalia kama inzi.

Jioni ile alimpigia bintiye Pauline, muuguzi huko Homa Bay, akamwambia kila kitu. Nyuma ya simu watoto wa wodini walisikika wakilia.

"Mama, umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi nyamaza. Nisikilize. Ukisema, kwanza wanakufunga. Pili, mpaka unarudi jikoni, na nyumba yote inabaki Tanzania. Kaburi la baba linabaki Tanzania. Utakuwa mgeni kwenye kitanda chako. Nyamaza, wataongea wakubwa kwa wakubwa. Nchi zina mabalozi, zina vikao, zina barua. Hazikungoji wewe."

"Na wakipigana?"

"Hawawezi kupigana kwa sababu ya mita ishirini na mbili."

Lakini sauti ya Pauline ilipanda mwishoni, kama mtu anayeuliza.

*

Jumatatu saa nne asubuhi Kemuma alipita mkongeni akikimbia, bila viatu. Alikuwa mwanamke mzito asiyekimbia hata mvua ikimnyeshea nguo zilizoanikwa.

"Wamemchukua," akasema. "Wamemchukua Nicanor."

"Nani?"

"Wa kwetu! Wanne, na gari. Wanasema shamba lililoingiliwa ni lake, na nguzo haikutembea yenyewe. Wanasema ameuza ardhi ya taifa kwa Wakenya. Wanataka awataje waliokuja kuisogeza."

Wegesa alikaa juu ya kinu kilicholala.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Nimesimama dirishani kwa ofisi yao nikasikia. Wanamuuliza, ananyamaza. Wanamuuliza, ananyamaza. Wewe umewahi kumwona Nicanor akinyamaza?" Kemuma alimshika mkono. "Mke mwenzangu, huyo mtu anaficha kitu, na hafichi cha kwake. Cha kwake angekuwa ameshakitoa. Anamficha nani?"

Moto ulikuwa unawaka jikoni, sufuria ya uji ikichemka juu ya mafiga. Wegesa aliutazama, akashindwa kuutazama, akatazama miguu ya Kemuma yenye udongo.

"Nenda nyumbani," akasema. "Mpelekee chai na blanketi."

"Hicho ndicho cha kuniambia?"

"Nenda, Kemuma."

Kemuma aliuachia mkono ule kama mtu anayeachia kitu cha moto, akaondoka bila kuaga.

Wegesa hakwenda kujitaja siku ile. Isingefaa kusema alikwenda. Alifunga mlango mchana kweupe, akajifunika shuka hadi kichwani, akasikiliza lori likiunguruma shambani kwake. Alimwona Nicanor wa miaka kumi na tisa akishika pembe za ng'ombe, akicheka nguzo ikiburutwa. Alimwona Nicanor wa siku ya mazishi ya Zadock, aliyechimba kaburi peke yake kwa sababu hakutaka mtu mwingine ampimie kaka yake. Na kila alipotaka kuinuka, aliona pia mlango wa chuma ukifungwa, na sketi yake ya kanisani ikiwa imekunjwa katika mfuko wa karatasi wenye namba. Jumanne vilevile hakwenda. Siku hiyo helikopta moja ilipita juu, chini sana, kuku wakaingia chini ya kitanda. Hakujua ni ya nchi gani, na ilimshangaza kugundua kwamba hilo halikupunguza wala kuongeza hofu yake.

Jumatano alioga, akavaa ile sketi ya kanisani, akatia kitambulisho kifuani. Kama watamfunga, watamkuta safi.

Hema la wapima ardhi lilisimama katikati, kwenye ukanda ambao kila upande uliuita wake. Wegesa alilielekea moja kwa moja kupitia mihogo, si kwa njia ya kisimani waliyozoea kumwona, na hilo lilikuwa kosa. Alisikia mlio wa chuma upande wa kushoto, kisha mwingine kama huo upande wa kulia.

"Simama hapo! Wewe mama! Mikono juu!"

"Mama, simama! Usisogee!"

Alisimama. Mkojo ulimponyoka kidogo, alibana mapaja. Aliinua mikono, na kwa kuwa hakujua ni upande upi umemwamuru kwanza, alitazama mbele tu. Bunduki za huku zilikuwa zimeelekea kule na za kule huku, na yeye alikuwa katikati. Alielewa kwamba mtu mmoja akipiga chafya sasa, yatakuwa yametokea, na baadaye kila nchi itaandika barua kusema ni mwenzake aliyeanza.

"Ni mama wa maji!" Willis alipaza sauti kutoka handakini. "Jameni, ni mama wa maji! Teremsheni hizo vitu!"

Hakuna aliyeteremsha. Lakini hakuna aliyepiga.

Beverly alitoka hemani, mikono wazi, mzee wa miwani nyuma yake. Walikuja hadi alipokuwa.

"Mama, unatafuta nini huku?"

"Nguzo tuliivuta sisi," Wegesa akasema. Alishangaa kwamba sentensi ilikuwa fupi kiasi kile. "Mimi na mume wangu na shemeji yangu. Kwa ng'ombe. Ilizuia plau."

Mzee alimtegea sikio. "Plau?"

"Tulikuwa tunapanda wimbi."

"Mwaka gani?"

Akamwambia. Mzee alifunga macho. Siku nane nchi mbili zilikuwa zimeleta hema, lori, mchanga na ndege, na sasa alikuwa anaambiwa habari za wimbi.

"Mama," alisema taratibu, "maneno yako siwezi kuyapeleka kwa wakubwa wangu. Watasema umetumwa na serikali yako. Na wa kwake huyu binti watasema umetumwa na sisi, kwa sababu maneno yako yanaipunguzia Kenya ardhi. Nipe kitu kisichotumwa na mtu."

Hapo ndipo Wegesa aliposhusha mikono.

"Iko chupa," akasema. "Chini ya jiko langu."

Beverly na mzee walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita walitazamana kama watu wa kazi moja. Mpima mpaka wa zamani, Beverly alimweleza baadaye, alizika alama chini ya nguzo kwa ajili ya siku kama hii. Huo ndio uliokuwa wosia wake kwa wale watakaokuja.

*

Walichimba adhuhuri. Maafisa wa pande zote waliingia uani, kila mmoja na askari watatu, si wawili wala wanne. Hilo pekee lilijadiliwa nusu saa. Wegesa aliondoa sufuria mwenyewe, akazima moto kwa majivu, akayang'oa mafiga moja baada ya jingine. Figa la tatu liligoma, akaketi chini na kulisukuma kwa miguu, na afisa wa Kenya aliyetaka kumsaidia akarudishwa nyuma na mwenzake: hakuna wa upande wowote atakayegusa kabla ya wapima ardhi.

Majembe yalishuka katika udongo uliokaushwa na miaka thelathini ya moto. Ukuta mmoja wa jiko ulipasuka, ukainama, ukaanguka nje. Katika kina cha mkono sauti ya jembe ilibadilika. Mzee alipiga magoti, akafagia kwa kiganja, na kijani kikaonekana.

Hakuna aliyeshangilia. Waliweka mashine juu ya ile chupa, wakapima, na hesabu za mashariki na magharibi zikakubaliana. Maafisa wakapeana mikono, mtu akawapiga picha. Beverly aliandika maelezo ya Wegesa kurasa nne, akamsomea, akamwonyesha pa kutia sahihi. Mwishoni afisa wa Kenya alimwambia kwamba atafika ofisini Migori Jumatatu, aje na kitambulisho na mtu wa kumdhamini, na kwamba kwa sasa asisafiri.

"Nitalala wapi?" Wegesa aliuliza.

"Nyumbani kwako, mama."

"Nyumbani kwangu ni wapi sasa?"

Afisa alitazama nyumba ya mabati, kaburi, kisha chupa iliyokuwa shimoni nyuma yao, upande wa pili wa ubishi wote. Akasema hilo litashughulikiwa na kikao cha pamoja. Kabla hawajaondoka, mtu aliyeshika kopo la rangi alichora alama nyekundu kwenye mlango wake. Hakueleza maana yake, na Wegesa aliogopa kuuliza.

Ijumaa Nicanor aliachiliwa. Alikuja mchana, akapita mkongeni bila kuomba ruhusa ya kuingia popote. Alikuwa amekonda usoni, na viatu vyake havikuwa na kamba. Kemuma alikuwa ameleta unga, na Wegesa alikuwa anasonga ugali nje, juu ya mawe mapya, kando ya lile shimo lililozungushiwa utepe. Wanawake hao wawili walikuwa hawajasemeshana tangu Jumatatu. Kemuma alishika tu mwiko mwenzake alipochoka.

Nicanor alikula akiwa ameinama. Gari lilipopita barabarani mkono wake ulisimama njiani, ukangoja lipite, ndipo ukafika kinywani.

"Walikupiga?" Wegesa aliuliza.

"Hapana. Walinipa hata chai. Walikuwa wanauliza jina moja tu, asubuhi na jioni, kwa adabu. Ukisikia mtu anakuuliza kwa adabu hivyo unajua hana haraka."

"Na hukusema."

Nicanor aliweka tonge chini. Alimtazama Kemuma, kisha Wegesa, kisha mikono yake mwenyewe.

"Sitaki mnifanye shujaa," akasema. "Jumatano mchana nilikuwa nimeshafungua mdomo, mke wetu. Nilikuwa nimesema 'We'. Simu ikalia, wakatoka nje kuipokea. Waliporudi wakaniambia mmefukua chupa."

Kemuma akashika kifua. Kijiko kilichokuwa kwenye sufuria ya mboga kikateleza kikazama, hakuna aliyekiokoa.

Wegesa alingoja hasira ije, haikuja. Alikumbuka Jumatatu na Jumanne, yeye mwenyewe chini ya shuka. Kutoka handakini, ambalo hakuna aliyekuwa amepewa amri ya kulifukia, askari mmoja alikuwa amesimama akiwatazama kwa darubini. Kwenye hema la kijani mwingine alikuwa akifanya vivyo hivyo.

"Sogea huku nyuma ya ukuta, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Hapo ulipokaa wanakuona. Kula."